Mazizi Mawili

Mafahali wawili hawakai zizi moja.
Nilijua. Nikajitia ubishi.
Diski moja, nikaigawa kwa mstari:
huku Windows ya ofisi ya sufu,
huku Linux ya kurekodi kodiani ya Mirko.
Wakaishi. Miezi minne wakaishi.

Kisha Juni, usiku wa upepo
(hapa Punta Arenas upepo una zamu, na hautoroki kazini),
Windows ikajisasisha bila hodi,
ikabomoa mlango wa jirani,
asubuhi ikanipokea kwa bashasha: Karibu, Yasna.

Nyimbo zilikuwa bado zimo ndani, salama.
Mimi ndiye niliyezifuta.
Nikiutafuta mlango kwa shoka, macho mekundu,
nilijibu ndiyo pale palipotaka hapana.
Kumi na moja. Mojawapo polka ya baba,
ambayo Mirko hakumbuki tena sehemu yake ya katikati.
Hakunigombeza. Aliniuliza tu majani ya chai yako wapi.

Leo nimenunua diski ya pili
kwenye maduka ya bandari huru,
nyepesi kama biskuti.
Kompyuta imelala mezani, ubavu wazi,
chini yake gazeti la Jumapili.
Ndani vumbi, na manyoya ya paka
tuliyemzika miaka miwili iliyopita.
Nimegusa bomba la hita kwanza
kuuaga umeme wa sweta.
Mirko ameshika tochi kwa mkono wa kushoto,
ule wa besi, hautetemeki.

"Chomoa ya zamani," namwambia.
"Yote?"
"Waya wake tu. Asione."
Maana siri ndiyo hiyo, nimeilipia nyimbo kumi na moja:
anapojenga mmoja, mwenzake awe hayupo,
asiombwe ufunguo, asiachiwe ufunguo.
Kila mmoja zizi lake, kizingiti chake,
komeo lake la ndani.

Pengwini akatokea kwenye skrini
(kwa wengine ni nembo; kwetu ni jirani,
ananuka samaki na analia kama punda),
akauliza: nifute diski yote?
Kidole kikasita.
Nikainama, nikautazama ule waya
unavyoning'inia, haujagusa kitu.
Nikahesabu diski: moja.
Nikahesabu tena moja.
Ndipo nikasema ndiyo.

Dakika kumi na nane. Mirko akamenya viazi.

Zima. Rudisha waya. Washa,
kidole juu ya F12 kama mdai kwenye kengele.
Orodha ikaja, mistari miwili mikavu,
hakuna aliyemtaja mwenzake.
Nikaingia huku, nikatoka.
Nikaingia kule. Hakuna kilichovunjika

isipokuwa saa.
Windows inasema saa nane usiku.
Ukutani ni saa tano.
Yule mgeni ameiweka saa ya Greenwich,
huyu mwenyeji anaisoma kama ya hapa,
na ubao mama una saa moja tu.
Mazizi mawili, kumbe kisima kimoja.

Najua dawa yake, amri ya mstari mmoja.
Mirko anachungulia begani kwangu, mikono ina wanga wa viazi.
"Kumbe kesho imeshafika," anasema,
"na ripoti ya sufu hujapeleka."
Tunacheka mpaka tochi inaanguka.

Kisha ananawa, anavaa mikanda ya kodiani,
anaianza polka ya baba,
anafika katikati, anasimama.
Anaanza tena. Anasimama palepale,
kama mtu aliyekuta daraja limechukuliwa na maji.

Nazima. Nawasha. F12, mstari wa pili.
Saa itangoja.
Naweka maikrofoni juu ya kiti,
nafunga dirisha upepo usiingilie.
"Anza," namwambia,
"na ukifika pale, usisimame. Ruka."